Ute Niliouita Mafuta

Siku waliponiaga, vijana wa zahanati ya Likombe walinipa saa ya ukutani, zawadi ya kufaa kabisa kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Kisha mmoja wao, yule muuguzi anayecheka kabla hujamaliza kusema, akaniambia, "Mzee Eliamani, tuandikie basi machache ya kazini, yatusaidie." Nimekaa wiki tatu hapa kibarazani kwangu, Magomeni ya Mtwara, na daftari mapajani. Nilipandishwa cheo mara ngapi, hayo yamo kwenye jalada langu, na jalada langu, kama mnavyoijua idara yetu, limepotea. Kwa hiyo nitaandika yale ambayo jalada halikuwa nayo. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Sikatai. Ila katika kesi hii mshtakiwa ni mimi, na kesi yenyewe inahusu goti la mwanamke mmoja wa Mahurunga.

Nilifika Mtwara enzi za ujamaa, kijana wa miaka ishirini na ushee, nimetoka kozini nimevaa suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi lote la stendi. Nilikuwa mganga msaidizi wa vijijini, lakini wakati ule mtu yeyote mwenye sindano aliitwa daktari, nami sikujitaabisha kuwasahihisha watu. Kabla ya kupelekwa kijijini niliwekwa miezi michache hospitali, nijifunze maabara chini ya Bwana Nandonde. Huyu alikuwa Mmakonde wa Newala, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio la kushoto, na hakuwa na subira na mtu anayejibu haraka.

Siku ya kwanza nilitegemea kuonyeshwa hadubini. Bwana Nandonde alinipa yai bichi. Akanivunjia kwenye sahani, akaniambia nichovye kidole na kukiinua.

"Hiki nini?"

"Ute wa yai, bwana."

"Vizuri. Ndani ya goti lako nna kitu kama hiki. Kidogo, kijiko kimoja hakifiki. Ila bila hicho usingetoka nyumbani kwenu."

Kisha akachukua bomba la sindano, yale ya kioo ya zamani, ambamo mlikuwa na ute uliovutwa kutoka kwenye goti la mgonjwa wa wodini. Akasukuma tone moja litoke kwenye ncha ya sindano. Tone halikudondoka. Lilishuka likiwa na mkia, likavutika urefu wa kidole kizima ndipo likakatika. "Ute nzima unavutika kama mlenda," alisema. Akachukua bomba la pili, la mgonjwa mwingine, akasukuma. Huu ukadondoka, to, to, to, kama maji ya bomba bovu. "Huu una usaha. Ukiona hivi huko utakakokwenda, nlete ngonjwa hapa siku hiyohiyo. Si kesho."

Nilimuuliza kwa nini. Ndipo akaniketisha kwenye kigoda na kunipa somo ambalo kozini walilipita mbio. Mwisho wa kila mfupa, alisema, umevikwa gegedu, laini na jeupe, na katika ute mna protini ambayo kazi yake ni kulipaka lile gegedu utelezi, ili mfupa upite juu ya mwenzake usisagike. Unene wa ute si hoja sana. Hoja ni ule utelezi, na utelezi ni wa protini. Usaha ukiingia huutafuna ute ukawa maji, na protini ile pamoja nao, kisha hulitafuna gegedu lenyewe. Gegedu likishaliwa halioti tena. Alirudia hilo neno la mwisho mara mbili huku akinitazama juu ya miwani, nami nikaliandika.

Ninyi mna mashine siku hizi. Lakini umeme ukikatika, na mnajua hukatika, hilo tone bado litawaambia kitu. Lisukumeni taratibu na mlitazame kwenye mwanga wa dirisha.

Mahurunga nilikabidhiwa zahanati ya vyumba viwili, na kabati lenye kufuli kubwa kuliko dawa zilizokuwamo: klorokwini, aspirini, dawa ya zambarau, chupa chache za sindano ya PPF, ile penisilini ya kuzuia usaha, na dawa ya kuchua ambayo harufu yake ilinitangulia kila nilipokwenda. Sindano tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani wakapangwa kwa mstari ulionyooka, uliopimwa kwa kamba na afisa ambaye aliuliza kila kitu isipokuwa maji yako wapi. Mikorosho yao ilibaki kule walikotoka. Basi asubuhi mtu alilima shamba la kijiji, mchana akatembea saa mbili kwenda kuiangalia mikorosho yake, jioni akatembea saa mbili kurudi kwenye mstari ulionyooka. Haikuhitaji daktari kujua kwa nini walikuwa wanaumwa magoti.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Ismaili, alikuwa mtu mwema mwenye sauti kubwa, na woga mkubwa zaidi wa barua za wilayani. Aliona vyeti vya ED vinavyotoka kwangu, yaani zile karatasi za kumruhusu mtu apumzike, akaona vingi mno ni vya magoti. Akaitisha mkutano wa kijiji kizima, akanisimamisha mbele.

"Ndugu Daktari," alinguruma, "hebu tueleze. Kwa nini wananchi wa hapa wanaumwa magoti kuliko vijiji vingine vyote? Ni ugonjwa au ni hujuma?"

Nilikuwa na jibu. Somo la Bwana Nandonde lilikuwa kichwani lote, na neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni: ute. Kisha nikawatazama watu. Mstari wa mbele alikaa mwalimu wa madrasa na wazee wenzake. Upande wa pili kina mama wakubwa, na nyuma yao wasichana waliotoka kuchezwa unyago juzijuzi tu. Ninyi leo mnatamka kila kitu redioni mchana kweupe. Wakati ule, pale pwani, ute lilikuwa neno la unyagoni na la chumbani, na lilikuwa na maana ambazo mwanamume mgeni, tena Mkristo asiye na mke, hasimami mkutanoni akazigusa mbele ya wakwe za watu.

"Ndugu wananchi," nikasema, "ndani ya goti kuna... mafuta."

Nilijiona nina adabu sana. Mwalimu wa madrasa aliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja akanyanyua mkono.

"Hayo mafuta yanakwisha?"

"Yanaweza kupungua, mzee."

"Yanaongezwa wapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaeleza kwamba hayanunuliwi, ni mwili wenyewe unayatengeneza, na kwamba goti linalotembea kwa kiasi ndilo linalopakwa vizuri. Likilala tu linakakamaa, na likisulubiwa mno linasagika. Sentensi hiyo ilikuwa na sehemu mbili. Mwenyekiti alisikia ya kwanza, akaruka juu.

"Mmesikia? Kazi ndiyo mafuta ya goti! Daktari kasema!"

Makofi yakapigwa, na ile sehemu ya pili haikusikika tena. Kesho yake maneno ya Mwenyekiti yalikuwa yameandikwa kwa chokaa ukutani mwa ghala la korosho, na mwandishi kwa heshima aliongeza chini yake, "Dk. Eliamani."

Wananchi nao hawakuwa wajinga. Kama mafuta yapo, basi hukwisha. Jumatatu foleni ilifika barabarani. "Dakitari, ya kwangu yamekwisha kabisa." "Mie yamebaki kidogo, ya kunfikisha msikitini tu." Mama mmoja alimleta mumewe akaniambia mafuta yamekwisha goti moja, lile la kuendea shamba la kijiji; lile la kuendea kwenye uraka, pombe ya mabibo, bado limejaa tele. Nilijaribu kueleza upya, lakini maelezo yangu sasa yalikuwa yanashindana na ukuta wa ghala, wenye jina langu.

Wakati huo, bila kuniuliza, Mwenyekiti alikuwa ameshaandika barua wilayani kuomba madebe manne ya mafuta ya magoti. Msifikiri walicheka huko. Jibu lilikuja baada ya mwezi, limepigwa chapa: tafadhali bainisheni kama mafuta yanayoombwa ni ya kula, ya taa, au ya mitambo. Ndugu Ismaili alinijia nalo nikiwa nachemsha sindano, stovu inanitolea moshi usoni.

"Niandike yapi, Ndugu Daktari?"

"Goti ni mtambo, Mwenyekiti," nikamjibu kwa hasira, nikikusudia kumfukuza kwa mzaha.

Akaandika ya mitambo. Vijana wangu, usimtanie mtu aliyeshika karatasi ya serikali. Wiki chache baadaye gari lilishusha kopo kubwa la grisi, ile nyeusi ya matrekta, pamoja na hati yenye maneno "kwa matumizi ya magoti ya wananchi." Nilikwenda mbio kwa Mwenyekiti, nikamwambia hiki kitu hakiingii kwenye ngozi, kinakusanya uchafu, na kwenye jeraha ni hatari.

"Ndugu Daktari," alinijibu kwa upole wa kweli, "imegongwa muhuri."

Ikagawiwa, kila nyumba kijiko. Kwa wiki mbili kijiji kizima kilitembea na magoti meusi yaliyoshika vumbi na manyoya ya kuku. Wengine waliapa kwamba wamepona. Sikushangaa, mtu akipewa kitu na serikali kwa mara ya kwanza hujisikia nafuu.

Kisha zikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa wilayani atatutembelea kukagua shamba la kijiji. Mwenyekiti alikuwa na chati ukutani ofisini kwake, na kwenye chati hiyo alitaka mstari wa magoti ufike chini kabisa.

"Wiki hii usitoe ED ya goti," aliniomba. "Ukitoa, utakuwa unasema grisi ya serikali haifai."

Nilipaswa kusema kwamba ndivyo ninavyosema. Sikusema. Nusu ya foleni ilikuwa inanidanganya na nilikuwa nimechoka kubishana, na mtu aliyechoka hupenda sana kuwa na kanuni moja kwa watu wote. Pia niliogopa, kwa sababu mafuta yale asili yake ni mimi. Nikaandika "Anafaa kwa kazi" wiki nzima, karatasi juu ya karatasi, bila kuinua kichwa.

Asubuhi mojawapo aliingia Somoe binti Bakari. Alikuwa mama wa watoto wawili, mke wa Hamisi fundi seremala, mwanamke wa maneno machache ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuja kuomba ED. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

"Goti?" nikamuuliza.

"Goti."

"Mafuta?"

"Ndo wanavosema. Ila linawaka, dakitari. Nlipiga goti juu ya nwiba kule kwenye kusafisha shamba. Nkautoa, nkapaka ile grisi. Saa hii linawaka kama lina homa yake peke yake."

Someni tena maneno yake. Mwiba uliochoma hadi ndani, uchafu juu ya jeraha, joto kwenye goti moja. Profesa asingeyapanga vizuri zaidi. Mimi nilisikia grisi tu, nikaikasirikia grisi. Nikaandika. Hakujua kusoma, akaitazama karatasi, akauliza, "Umeandika nini?"

"Kwamba uende kazini."

"Haya," alisema, akaondoka akichechemea.

Siku ya nne baada ya hapo ndiyo ilikuwa siku ya mgeni. Kijiji kilifagiliwa, ngoma zikawambwa tangu asubuhi. Nilikuwa navaa koti langu jeupe nikakae jukwaani ndipo nikaona watu wanne wanakuja na kitanda cha kamba mabegani, Hamisi mbele. Juu yake alikuwa Somoe, anatetemeka, midomo imekauka. Kanga ilipofunuliwa niliona goti lililovimba, ngozi inang'aa, na juu yake bado kuna doa la grisi. Niliweka mkono. Lilikuwa la moto, na kule kugusa tu alipiga ukelele ambao nausikia hadi sasa.

Nilisafisha, nikaingiza sindano pembeni mwa kifuniko cha goti kama nilivyofundishwa wodini, nikavuta. Kilichoingia kwenye bomba kilikuwa na rangi ya uji. Nikaenda dirishani, nikasukuma tone. Likadondoka. Nikasukuma jingine. To, to. Nilimchoma PPF, na wakati nafanya hivyo nilijua kabisa kwamba PPF ilitakiwa siku ya kwanza.

Gari lilikuwa moja tu mahali pale, Landrova ya mgeni, imeegeshwa kivulini nyuma ya jukwaa. Nilikwenda nikiwa na bomba mkononi. Mwenyekiti alikuwa anaonyesha chati.

"...na kwa upande wa magoti mabovu, Ndugu Mgeni, kijiji chetu sasa hakina hata moja."

"Lipo moja," nikasema.

Ngoma ilinyamaza. Nikaeleza kwa sauti, mbele ya mwalimu wa madrasa, wakwe na wari, kwamba huu ni ute wa goti la Somoe, kwamba umeoza, na kwamba nilikosea kuuita mafuta. Ute, nilisema, ute, kama mara tano. Hakuna aliyezimia. Kina mama walinitazama kama wanaomsubiri mtu aliyechelewa kufika. Mgeni alikunja uso, akasema gari hilo ni la ziara ya kikazi na ratiba ina vijiji vingine viwili. Kisha akaniinamia sikioni.

"Kwani usipotibiwa inakuwaje?"

"Mguu hukatwa, mheshimiwa. Au mtu hufa."

"Na huwa inaanzaje? Maana hata mimi hili la kulia, nikipanda ngazi..."

Alikuwa analishika goti lake huku anaongea. Nilimwambia lake litapimwa bure siku yoyote atakayopenda, ila funguo za gari nazitaka sasa. Alimwita dereva. Sikumshukuru vya kutosha, na baadaye nilimhesabu kuwa mmoja wa viongozi wazuri niliopata kuwaona, kwa sababu aliogopa kitu cha kuogopwa.

Njia ya Mtwara siku hizo ilikuwa mchanga na mashimo, na kila shimo Somoe alilalamika mara moja, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Hamisi alimshikilia kichwa. Mimi niliushikilia mguu usicheze. Hospitali walimpokea moja kwa moja, nami nikakimbia na bomba hadi maabara. Bwana Nandonde alisukuma tone lake mwenyewe, akalitazama likidondoka, akavua miwani.

"Siku ngapi?"

"Nne tangu aje kwangu."

"Siku zote hizo alikuwa wapi?"

"Shambani."

"Nani kampeleka shambani na goti hili?"

Ningeweza kumtaja Mwenyekiti. Ningeweza kumtaja mgeni, muhuri, ukuta wa ghala. "Mimi," nikasema. Bwana Nandonde hakunigombeza. Alivaa miwani, akafunga uzi sikioni, akaanza kupaka kioo cha hadubini. Angenipiga makofi ningeumia pungufu ya hapo.

Goti lilipasuliwa likasafishwa, dawa zikaendelea kwa wiki nyingi. Hakufa, wala mguu haukukatwa. Lakini gegedu lilikuwa limeshaliwa, na mifupa miwili iliyotakiwa kuteleza ikashikana ikawa mmoja. Somoe alirudi Mahurunga na mguu ulionyooka ambao haukuinama tena. Ripoti ya mwaka ya kijiji ilisema: "Mgonjwa wa goti, mmoja. Sababu: upungufu wa mafuta." Nami nililetewa barua ya kupongezwa kwa juhudi zangu za kudhibiti magoti. Niliichana.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Hamisi alinitolea kiti alichokitengeneza mwenyewe, akaondoka akaendelea kupiga randa, akaniacha na mkewe aliyekaa mkekani, mguu mbele. Nilisema niliyotakiwa kusema. Lilikuwa kosa langu, sikuligusa goti lake, niliandika tu. Nikamweleza na lile tone la dirishani, kwamba lilidondoka badala ya kuvutika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nshazaa wawili, dakitari," alisema. "Nshachezwa unyago, nnafunda wenzangu. Ungesema ute tungekuelewa, tena sie kina mama tungewaambia hao wanaume. Ulisema mafuta, tukaona unasema ya mashine." Akavuta kanga juu ya goti. "Siku hizi nasali nimekaa. Sujudu siwezi. Nakukumbuka kila rakaa."

Hakusema kwa hasira. Sikujua kama ule ulikuwa msamaha au hukumu, na mpaka leo sijajua, ingawa nimehesabu mara nyingi ni rakaa ngapi kwa siku.

Baada ya Mahurunga nilihamishwa kituo hadi kituo kama wote. Bwana Nandonde alifariki kabla sijamwambia kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Katika semina moja, ujamaa umeshazikwa na sisi tumeshazoea sabuni dukani, daktari kijana kutoka Dar es Salaam alituwekea picha ukutani, akasema ile protini ya utelezi sasa ina jina, lubrisini. Inalipaka gegedu, inapatikana kwenye kano, hata kwenye uso wa jicho, na kiungo kikivimba au kikiumia hupungua, ndipo gegedu linaanza kusagika. Wenzangu walikuwa wanasubiri chai. Mimi niliandika kila neno. Nikauliza tutawaelezaje wananchi kwa Kiswahili.

"Labda tuseme," alifikiri kidogo, "mafuta ya asili ya viungo?"

Nilisimama, mzee mzima, sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka. Nikamwambia aseme ute. Aseme utelezi wa ute. Aseme lolote ambalo mwanamke aliyezaa atalielewa, ila mafuta asiyaseme. Ukumbi ulicheka, wakafikiri mzee kaanza vituko vyake. Yule kijana, Mungu ambariki, aliliandika.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Likombe, na mnakumbuka foleni zetu za asubuhi. Siku moja aliingia bibi mmoja na mkongojo, mguu mmoja anauzungusha nusu duara kila hatua kwa sababu hauinami. Uso sikuutambua. Mguu niliutambua tangu mlangoni.

"Nimehamia kwa binti yangu hapa," Somoe alisema akikaa. "Lile uliloliharibu haliumi tena. Sasa ni hili la pili. Miaka yote limefanya kazi ya mawili."

Nikarudi kwenye mazoea. Nikavuta rejista, nikashika kalamu, nikaanza: jina, umri, mtaa. Somoe aliinua mkono juu ya meza, akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwangu, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake. Kisha akaunyanyua ule mguu wa pili kwa mikono miwili na kuuweka kwenye benchi mbele yangu.

"Shika kwanza," alisema.

Nikashika. Halikuwa la moto. Lilikuwa limevimba kidogo, na nilipolikunja nilisikia likikwaruza chini ya kiganja changu, kama kinavyokwaruza kitu kilichobebeshwa mzigo wa mwenzake. Nililipapasa pande zote, juu na nyuma, polepole, hadi foleni nje ikaanza kunung'unika. Nikasafisha, nikavuta ute kidogo, nikaenda dirishani. Somoe alijiinua kwa mkongojo akanifuata, akasimama karibu yangu, akaitazama ncha ya sindano pamoja nami. Nikasukuma tone.

"Unavutika?" akauliza.

"Unavutika."

Alilitazama mpaka lilipokatika. Kisha akafungua fundo la kanga, akanirudishia kalamu.

"Haya," alisema. "Andika."